Kabla Hujaandika Ratiba ya Mapishi ya Wiki

Watu wengi wakitaka kupanga mapishi ya wiki huanza na majina ya vyakula. Jumatatu wali, Jumanne sima, Jumatano chapati. Karatasi inabandikwa kwenye mlango wa friji, inapendeza, na ikifika Jumatano hakuna anayeitazama tena. Kwa niliyoyaona nyumbani kwetu na kwa majirani, ratiba huvunjwa na saa. Mama ameshuka kwenye feri ya Likoni saa moja na nusu usiku, watoto wametoka chuoni, yaani madrasa, wana njaa, na karatasi inasema leo ni samaki wa kupaka.

Basi kabla ya kutaja chakula chochote, andika siku saba, na mbele ya kila siku andika saa ambayo mtu wa kwanza anayeweza kuwasha jiko ataingia mlangoni. Mtu huyo si lazima awe mama. Baba anayeshika shifti ya usiku bandarini huwa nyumbani mchana, na kijana wa miaka kumi na minne anaweza kupika wali vizuri kabisa akifundishwa. Siku ambayo mtu ataingia saa kumi na moja jioni, hiyo ni siku ya kupika. Siku ambayo wa kwanza ataingia saa moja usiku ni siku ya kupasha moto, na usijidanganye kwamba utakuna nazi usiku huo. Sisi tuna siku mbili za kupika katikati ya wiki na tatu za kupasha. Tulipoikubali hesabu hiyo ilivyo, ugomvi wa jikoni ulipungua sana.

Tia hesabuni pia saa ya njaa ya watoto. Mtoto anayetoka skuli akaunganisha na chuo hufika nyumbani karibu na magharibi, na hawezi kungoja mchuzi uive. Andika kitu cha kumtuliza kwa kila siku: muhogo wa kuchemsha, ndizi, hamri moja na chai. Bila hicho atakula biskuti mpaka ashibe, na chakula ulichokihangaikia kitabaki sufuriani.

Likishakaa sawa hilo la saa, angalia maji. Maji ya mji huu hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Taita-Taveta na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na mkaazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa mfereji ukikauka siku nne mfululizo maana yake nini. Mashirika ya misaada wakati wa dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa ndicho kiwango cha chini cha kunywa, kupikia na kujisafisha. Nyumba ya watu sita ni lita 90 kwa siku, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20. Kwa siku tatu ni lita 270: pipa moja la lita 200 na mitungi minne. Ukijua akiba yako inafika wapi, utajua pia siku gani usiandike mchicha wenye mchanga au dagaa wa kuosha mara tano. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, mkono usiingie. Yakiwa yametoka kwa boza au mkokoteni, yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima, au tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Nakaa kidogo kwenye mapipa haya, maana yana jambo ambalo wengi hulipita. Mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018 Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya, na wengi bado wanakumbuka maumivu yale ya viungo, mtu hawezi kushika hata kikombe. Mbu anayeeneza ugonjwa huo, na dengi pia, huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotulia, kama yale ya pipani. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama siku saba hadi kumi. Kumwaga maji peke yake hakuyatoi mayai hayo. Inabidi usugue kuta za pipa kwa brashi na sabuni, kisha ulifunike vizuri. Kwa hivyo kwenye ratiba yetu, siku ambayo maji yanakaribia kwisha imeandikwa "kusugua pipa" mara moja kila wiki, na kazi hiyo ina mwenyewe kwa jina.

Stima na gesi hazina maneno mengi. Angalia salio la tokeni kabla ya Jumapili kuisha, na upime mtungi wa gesi: mwagia maji ya moto ubavuni, ngoja kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofika. Stima ikipotea, usifungue friji kila mara kuchungulia. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kama saa nne. Friza iliyojaa hushikilia kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24, ndiyo sababu sehemu tupu za friza yetu tunazijaza chupa za maji.

Sasa fungua makabati kabla ya kwenda sokoni. Andika kilichopo: unga, mchele, pojo nusu kilo, ukwaju, uzile, hiliki. Siku za mwanzo wa wiki zipewe vile vinavyokaribia kuharibika. Kongowea inafaa kwa mzigo mkubwa, viazi, vitunguu, nyanya na ndizi, na anayewahi alfajiri hupata nafasi ya kuchagua. Viungo mimi hununua Marikiti, kidogo kidogo, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huondoa harufu ya bizari iliyosagwa upesi. Afadhali uzile mzima unaokaangwa na kutwangwa siku ya pilau.

Samaki wanataka uangalie upepo. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na bei ya changu na tafi hupanda. Kaskazi ikivuma, Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki hupatikana kwa wepesi zaidi. Kwa hivyo miezi ya kusi neno "samaki" mimi huliandika kwa penseli, na pembeni yake chakula cha kushika nafasi: kunde, mayai ya mchuzi, au ng'onda, samaki aliyekaushwa. Ukifika ukakuta samaki mzuri kwa bei nzuri, mshukuru Mungu, mnunue, na pojo zingoje kesho.

Tukija kwenye nazi, hapa ndipo wiki inapookolewa. Mapishi yetu mengi husimama juu ya tui, na kukuna nazi mbili usiku, baada ya kazi, ndiko kunakowafanya watu wakate tamaa wanunue chipsi. Jumapili asubuhi zikunwe nazi sita kwa mpigo. Mmoja anavunja, mmoja amekaa kwenye mbuzi ya kukunia, mmoja anakamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui zito la kwanza, lile ambalo wazee huliita kasimile, liweke mbali na tui jepesi la pili na la tatu. Kisha ligawanye kwenye mikebe midogo, kila mkebe kipimo cha sufuria moja, utie kwenye friza siku ile ile. Tui haliwezi joto letu, likikaa juu ya meza kuanzia adhuhuri hadi jioni huchacha. Likiyeyuka baada ya kugandishwa utaliona limejitenga, mafuta huku na maji huku, usiogope. Pikia kwanza lile jepesi, na zito uliingize mwisho kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha lisikatike. Asiye na friza akune nazi za siku mbili tu na azipe siku za kupika, siku za kupasha awe na pojo au mchuzi wa nyanya. Chicha zisitupwe kama kuna kuku jirani.

Mbaazi na maharagwe hulowekwa Jumamosi usiku. Kwa maharagwe mekundu kuna jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue: mabichi yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, na yatokote kwa nguvu dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto. Yakishaiva bila chumvi na viungo, gawanya na uhifadhi. Fungu moja litakuwa maharagwe ya nazi Jumatatu, jingine litatiwa kwenye mseto wa Alhamisi. Mbaazi zangojea mahamri ya katikati ya wiki, ikiwa unga ulikandwa usiku, ukalazwa frijini uumuke polepole, na alfajiri ni kusukuma na kukaanga tu.

Kabla hujasema "nitapika mengi nihifadhi", hakikisha unajua kuhifadhi. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto limepita nyuzi 32, ambazo kwetu Februari na Machi si chache, kisizidi saa moja. Wali ndio ninaouhofia zaidi. Kuna vijidudu vinavyovumilia kule kuchemka, na wali ukiachwa na uvuguvugu huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hivyo usiufunike sufuriani uliwe asubuhi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingize frijini kwenye vyombo vifupi. Vyakula vilivyopikwa tunavimaliza ndani ya siku tatu au nne, na kila chombo kina kipande cha karatasi chenye jina la siku. Watoto wamepewa kazi ya kuandika karatasi hizo, na wanaipenda kuliko nilivyotarajia.

Watoto nao wanahitaji kupangiwa. Jumapili jikoni kuna kazi, na mtoto asiye na la kufanya huishia kwenye simu au miguuni kwa mwenye kisu. Kabla ya siku hiyo, weka tayari kazi ya mikono inayotokana na nyumba yenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kikapu kimerudi kuwa kitu cha kila safari ya sokoni, na kila nyumba ina sababu ya kujua kusuka ukili. Wadogo waanze na karatasi: kata vipande virefu vya magazeti, vyembamba kama kidole, wajifunze kupitisha juu na chini mpaka watoke na mkeka mdogo wa kuwekea kikombe. Wakubwa wapewe ukindu au milala. Uloweshe kidogo kabla ya kusuka, maana mkavu hukatika na kuwachoma vidole. Ukili ni utepe mrefu, husukwa kwa siku nyingi, dakika ishirini leo, dakika ishirini kesho, na hushonwa kwa kuzungushwa mpaka uwe kikapu au kawa ya kufunikia chakula. Kama kuna bibi nyumbani au mtaa wa pili anayejua, mwombe kwa adabu awafundishe, na mpelekee sahani ya mahamri. Mikono yake ina mengi ambayo mimi siwezi kuyaandika.

Kanga zilizochakaa nazo zina kazi. Upande mmoja wa doti hutoa vipande vingi vya sentimita 20 kwa 20. Panga sita kwa unene, shona kingo kwa mkono, umepata kishikio cha sufuria. Hakikisha ni pamba tupu, kwa sababu vitambaa vya nailoni huyeyuka kwenye moto na kushika ngozi. Binti yangu alichagua kipande chenye maneno ya jina la kanga kiwe juu, akashona kwa subira wiki mbili. Mdogo wake wa kiume alishona chake kikapinda, na ndicho tunachokitumia kila siku kwa sababu ni kinene zaidi. Vifuu vya nazi zile sita visuguliwe kwa msasa, viwe bakuli za vifungo na sindano.

Ndipo sasa, saa zikijulikana, maji yakiwa yamepimwa, tui likiwa kwenye friza na watoto wana shughuli, unaandika majina ya vyakula. Wiki hii kwetu ni hivi: Jumatatu maharagwe ya nazi na wali, Jumanne sima na mchicha na samaki (kwa penseli), Jumatano pojo na chapati zilizosukumwa Jumapili, Alhamisi mseto, Ijumaa pilau baada ya swala, kwa kuwa Ijumaa baba yuko nyumbani na mpishi wa pilau ni yeye. Jumamosi sikuandika kitu. Siku hiyo tunamaliza vilivyobaki frijini, na kama havitoshi, muuza viazi karai yuko pale kona kuanzia saa kumi.