Mbegu isiishie sufuriani: kilimo baada ya maporomoko ya Elgon

Wakulima wa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, hawajasahau Machi 1, 2010, tope lilipofunika kijiji cha Nametsi. Baadaye ikawa Bukalasi, Oktoba 2018. Mafuriko ya Mbale, Julai 2022. Kisha Bulambuli, Novemba 2024. Kila mara malori huja na posho (unga wa mahindi), maharage, blanketi na maturubai. Ni vyema, maana mwenye njaa hafundishwi kilimo. Ila mimi bwana shamba nikiona lori la posho huuliza: mvua za Machi zitamkuta mtu huyu ameshika nini?

Mbegu ikifika kwenye nyumba isiyo na chakula, itapikwa. Huo si ujinga, ni njaa. Kwa hiyo mgao wa chakula usikatwe wiki ile ile mbegu zinapogawiwa. Uendelee mpaka mavuno ya kwanza. Panda kinachowahi: dodo (mchicha) huchumwa baada ya wiki tatu au nne, maharage huchukua miezi miwili hadi mitatu, viazi vitamu mitatu hadi mitano. Shamba lililojaa tope usilikanyage wala kulilima likiwa bado bichi, udongo utashikana kama tofali.

Usipande mahindi ya msaada kwa kubahatisha. Huenda ni chotara, ambayo yakipandwa tena hayazai sawa, au yamekaa ghalani miaka. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ngoja siku saba. Zikiota 80 au zaidi, panda. Zikiwa pungufu kidogo, ongeza punje kila shimo. Zisipofika nusu, zirudi jikoni. Lakini mbegu iliyopakwa dawa ya rangi haipikwi kamwe, hata ikioshwa mara kumi.

Wanaoleta msaada nao wasikilize: mara nyingi mbegu ipo sokoni, ila aliyepoteza nyumba hana shilingi ya kuinunulia. Vocha ya kununua kwa muuza mbegu wa karibu humpa mkulima nafasi ya kuchagua maharage anayoyajua, na duka la kijiji halifi. Lori la mbegu ngeni kutoka mbali mara nyingi hufika mvua zikiwa zimeshapita nusu.

Kazi za malipo wanazopewa walioathirika nazo hujenga shamba, zikipangwa vizuri. Pima kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko) kwa fremu ya A, yaani miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu, kisha panda majani ya nepia kwenye tuta. Ndiyo fanya juu tunayoijua. Hapa nina onyo ambalo vijitabu vingi hulipita haraka: kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito, mtaro unaotega maji huyazamisha chini, na udongo ulioshiba maji ndio unaoteleza. Ukiona ufa ardhini, au miti imeanza kuinama, usichimbe. Mwambie mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na uhamishe watoto usiku huo huo. Mahali penye dalili hizo maji yaelekezwe pembeni taratibu kwenye mfereji wenye nyasi. Mgomba una mizizi mifupi, haushiki mlima. Changanya na miti ya grivelia ndani ya kahawa.

Waliohamishiwa wilaya ya Kiryandongo, mbali na mlima, baada ya maporomoko ya 2010 walitoka kwenye kahawa na matoke wakakuta tambarare ya mahindi. Baadhi walirudi mlimani. Ukipewa ardhi mpya, kabla ya kung'oa kichaka waulize majirani mvua huanza lini na nini hufa kwa ukame. Kahawa mpya itakuchukua kama miaka mitatu kabla ya kuvuna, basi maharage yakae katikati ya mistari miaka hiyo yote.

Na marando ya viazi: kikundi kinachoyataka Machi kianze kitalu Desemba, karibu na maji lakini si bondeni panapofurika, na kimwagilie Januari yote. Atakayechukua fungu moja, arudishe mawili baada ya mavuno.