Robo Ekari ya Mboga za Kienyeji: Anza na Mtungi wa Maji

Mtu anayetaka kulima mboga za kuuza huku kwetu magharibi mwa Kenya, kuanzia Luanda na Maseno hadi viungani mwa Kisumu, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni mbegu gani inayolipa. Swali hilo lina wakati wake, ila si la kwanza. Mboga za kienyeji kama managu (mnavu), saga (mgagani), kunde, mrenda, mchicha na mitoo hazikosi walaji. Tatizo ni kwamba mvua ya masika inaposhika kati ya Machi na Mei, kila boma huwa na mboga zake nyuma ya jikoni, na mama mboga anaweza kukataa fungu zuri kabisa kwa sababu hata yeye ameacha mengine kwake yakianza kuchanua. Mvua ya vuli hurudisha hali iyo hiyo kwa kiasi kidogo. Faida ya mkulima mdogo iko Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka, na kwa hiyo kinachopaswa kupimwa kabla ya kitu kingine chochote ni maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Wakati wa kiangazi, mboga za majani huhitaji takriban lita 4 hadi 5 kwa siku kwa kila mita mraba. Robo ekari ni karibu mita mraba 1,000, hivyo ukiipanda yote utahitaji lita 4,000 hadi 5,000 kila siku, yaani mitungi 200 hadi 250 ya lita 20. Mwaka wangu wa kwanza sikupiga hesabu hiyo. Nilipanda managu shamba zima nikitegemea chemchemi iliyo bondeni, na kufikia katikati ya Januari vijana wawili niliowaajiri walikuwa wakishinda kwenye foleni ya maji kuliko shambani. Mboga nilizovuna ziliuzwa kwa bei nzuri, lakini fedha zote ziliishia kwenye malipo yao.

Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 hunywa mitungi miwili na nusu kwa siku. Ikiwa uwezo wako ni mitungi 30, panda matuta 12 na uiache sehemu iliyobaki ipumzike chini ya matandazo, hata majirani wakisema umeshindwa na shamba. Nyasi kavu zikitandazwa kati ya miche hupunguza unyevu unaopotea, na kumwagilia alfajiri au jioni kuna faida kuliko saa sita. Mipira ya kumwagilia kwa matone huokoa kazi na maji mengi, lakini haifai kununuliwa kabla hujajua tangi litajazwa na nani na kwa gharama gani.

Matuta hayo 12 yasipandwe siku moja. Panda matatu kila baada ya wiki mbili, kwa maana mnunuzi wa kudumu hataki mafungu 200 Jumatatu kisha mwezi mzima wa kusubiri. Anataka mafungu 40 ambayo ana hakika nayo. Kunde huanza kuchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, managu baada ya wiki nne hadi sita. Kwa sababu hiyo, mboga za Januari hupandwa kuanzia mwishoni mwa Novemba, vuli ikiwa bado inasaidia miche kushika.

Kuhusu udongo, sehemu nyingi za Vihiga na Kakamega zina ardhi yenye asidi na upungufu wa fosforasi, na ni busara kupima kabla ya kununua chokaa ya kupunguza asidi hiyo. Nyanda za Kano, karibu na Kisumu, zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, hivyo matuta ya huko yainuliwe na mifereji ichimbwe. Kwingineko samadi iliyooza vizuri inatosha kuanzia. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta magugu.

Mbegu zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo wengi hupoteza wiki nzima bila kujua. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtafiti wa mboga za kienyeji ambaye alifundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda kile cha Jomo Kenyatta, alichunguza kwa makini jinsi wakulima wa magharibi wanavyojizalishia mbegu za mboga hizi, na anayelima leo bado anakutana na mambo hayo hayo. Mbegu za mrenda zina usingizi, yaani hazioti upesi hata zikipata maji: zifunge katika kitambaa, zitumbukize sekunde chache katika maji yaliyotoka kuchemka, kisha zikaushe kivulini. Mbegu za managu ni ndogo mno, zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane, na miche ihamishwe kutoka kitaluni ikiwa na majani manne hadi sita. Saga haipendi kuhamishwa kwa sababu ya mzizi wake mrefu. Ipandwe palepale itakapokulia.

Managu yakifika urefu wa kiganja hivi, kata ncha, nayo yatatoa matawi mengi. Saga ikianza kuchanua, ondoa maua mara moja, la sivyo majani husinyaa na mmea hugeuka wa mbegu.

Kiangazi huleta utitiri mwekundu kwenye managu na vidukari kwenye kunde. Kabla ya kupiga dawa, soma kwenye kibandiko idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mkulima anayevuna kila wiki akitumia dawa ya siku 14 amepoteza mavuno mawili, na hasara hiyo lazima ihesabiwe pamoja na bei ya dawa. Mara nyingi kung'oa mimea michache iliyoshambuliwa mapema ni nafuu. Kuvuna kabla siku hizo hazijaisha ni kumlisha mteja sumu.

Zungumza na wanunuzi kabla ya kupanda. Soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika Jumapili, lakini wingi wa watu huja na wingi wa wauzaji. Mama mboga watatu wa mtaani na hoteli moja ndogo wanaweza kumaliza mavuno yako bila nauli kubwa ya boda. Broka anayenunua tuta zima shambani si adui, mradi unajua tuta lako hutoa mafungu mangapi. Ili ujue, vuna tuta moja mwenyewe na uhesabu.

Andika hesabu kwa kila tuta peke yake: mbegu, samadi, maji, nauli, na ujira wako mwenyewe kama ungemlipa kibarua. Tuta la managu ambalo kwa wiki mbili mfululizo halirudishi gharama ya maji yake limezeeka. Ling'oe hata kama bado ni la kijani, kisha panda kunde mahali pake, kwa kuwa managu au nyanya, ambazo ni za jamii moja, zikifuatana hapo hukaribisha mnyauko wa bakteria ambao hauna dawa.