Namna ya Kuuzuru Mto Songwe, Mpaka Uliowahi Kuwa Njia ya Watumwa

Msafiri anayeteremka kutoka Mbeya kwenda Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, hukutana kwanza na uzuri: baridi ya Uyole, mashamba ya chai na migomba ya Tukuyu, kisha joto la bonde la Kyela, penye mpunga na kakao, huku Milima ya Livingstone ikiwa imesimama kando ya Ziwa Nyasa. Historia ya bonde hili haina kibao barabarani, kwa hiyo ni vyema kuisoma kabla ya kufunga mzigo.

Katika miaka ya 1880, Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alijenga ngome Mpata, karibu na Karonga, ambayo leo iko Malawi. Mnamo Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, wenyeji wa Karonga, na wengi wa waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe, kando ya ziwa, waliuawa humo humo au wakachukuliwa mateka. Vita kati yake na kampuni ya Waingereza ya African Lakes iliendelea hadi 1889, naye alinyongwa Desemba 1895, baada ya ngome yake kutekwa na majeshi ya Harry Johnston, kamishna wa Uingereza. Katikati ya mambo hayo, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza waliufanya Songwe kuwa mpaka, na hivyo Wanyakyusa wakatenganishwa na ndugu zao Wangonde bila kuulizwa. Kwangu mimi hilo nalo ni sehemu ya maumivu ya mto huu.

Safari ifanywe kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa masika ya Kyela ni makali na Songwe hufurika, hata kuhamisha mkondo wake. Mjini Mbeya, kabla ya kupanda kosta, muulize kondakta kama gari linafika Kasumulu mpakani au linaishia Kyela mjini, maana njia hizo mbili huachana kabla ya kufika, na abiria wengi hulitambua hilo wakiwa wameshapitiliza. Anayetaka kuvuka abebe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, apige mhuri pande zote mbili, na abadilishe fedha benki au kwenye duka lenye leseni badala ya kuwapa vijana wanaomzonga mgeni getini. Njia za panya asizifuate hata akiwaona wenyeji wakizipita.

Ng'ambo, Karonga kuna jumba la makumbusho linaloeleza habari za Wangonde na za dinosau wa Malawisaurus aliyefukuliwa wilayani humo. Ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kwenda Mpata au Kambwe.

Unapotaka kusikia habari za kale, usianze na maswali ya watumwa. Mwamkie mzee kwa “Shikamoo”, au kwa “Ugonile” ukiwa kwa Wanyakyusa, ukae, ueleze ulikotoka na ukoo wako, kisha umwombe akusimulie habari za eneo lake. Akifika mwenyewe kwenye habari za mateka, msikilize bila kumpiga picha. Kuna koo ambazo bado zinakumbuka nani alichukuliwa.

Lala ndani ya chandarua, kwa sababu malaria ya bondeni humwelemea upesi mtu wa nyanda za juu, na usiogelee mtoni, kwani mamba wamo.