Jinsi ya kuomba takwimu za wagonjwa kwenye idara ya afya ya jimbo Marekani: mimi nilirudishwa mara tatu

Nilianza Septemba, nikijua kufikia Krismasi nitakuwa naandika sura ya matokeo ya tasnifu yangu. Faili lilinifikia mwezi wa tatu, wenzangu wakiwa wameshaanza kupima majoho. Jimbo lenyewe silitaji. Watu wake hawakuwa wabaya, ila kila mmoja alijua robo ya utaratibu na hakuna aliyejua robo ya mwenzake. Nawaandikia mnaosoma afya ya jamii huku, maana naona kila muhula kuna mtu anaingia shimo lile lile.

Kwanza jua unamwomba nani. Wengi hukimbilia CDC, kituo cha serikali ya shirikisho cha kudhibiti magonjwa. Marekani sheria inayomlazimisha daktari au maabara kuripoti mgonjwa wa surua au kifua kikuu ni ya jimbo, si ya serikali ya shirikisho. Taarifa huenda kaunti au jimboni, kisha jimbo huipelekea CDC visa vikiwa vimeondolewa majina, tena kwa hiari. Orodha ya taifa ina magonjwa kama 120 hivi, lakini kila jimbo lina orodha yake, kwa hiyo usidhani ugonjwa unaoripotiwa hapo ulipo unaripotiwa na jirani. Kama unataka takwimu zenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa, mwenye nazo ni jimbo.

Ila kabla hujaomba chochote, ingia CDC WONDER, hazina ya takwimu za CDC mtandaoni. Ni bure. Ina majedwali ya mwaka ya magonjwa yanayoripotiwa, na kifua kikuu kina sehemu yake peke yake. Kama swali lako ni "wagonjwa wangapi jimbo zima mwaka 2019", chukua namba yako ukalale. Nusu ya watu walioniuliza habari za fomu hawakuhitaji fomu.

Bado unahitaji? Tafuta dawati. Idara haina mlango mmoja: kifua kikuu wako kwao, Ukimwi kwao (na hao ndio wakali kuliko wote kwa usiri), ya zinaa kwao, ya kuhara na chakula kwao. Mimi niliandika kwenye anwani ya jumla. Baada ya siku kumi na moja nikajibiwa kwa upole kwamba maombi ya takwimu yatumwe kwenye anwani ya jumla. Piga simu, uliza mtaalamu wa epidemiolojia (anayefuatilia kuenea kwa magonjwa) wa ugonjwa wako ni nani, na uepuke Jumatatu asubuhi, wanapohangaika na hesabu za wiki iliyoisha Jumamosi.

Fomu sasa. Jina, chuo, kichwa cha utafiti, hayo unayajua. Kaa kwenye visanduku viwili.

Kisanduku cha tarehe. Niliandika "wagonjwa wa 2018 hadi 2021" nikaona nimeeleweka. Mgonjwa mmoja ana tarehe nne au tano: siku dalili zilipoanza, siku alipopimwa, siku maabara ilipotoa jibu, siku idara ilipopata taarifa. Halafu kuna wiki rasmi za kuhesabia, zinazoanza Jumapili na kuisha Jumamosi, ambazo hazijali kalenda ya ukutani kwako. Mwaka 2020 ulikuwa na wiki 53, na ya mwisho iliishia tarehe 2 Januari 2021. Mtu aliyehesabiwa siku ya mwaka mpya 2021 ni wa 2020. Taja tarehe unayoitaka kwa jina lake.

Kisanduku cha pili ni hadhi ya kisa: kilichothibitishwa, cha yumkini, au kinachoshukiwa. Omba vyote uvitenganishe mwenyewe, na omba pia fasili ya kisa, yaani vigezo vya nani ahesabiwe mgonjwa, iliyotumika kila mwaka, kwa sababu hubadilika. Mfano mzuri ni ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Mwaka 2022 majimbo yenye wagonjwa wengi yaliruhusiwa kuhesabu kwa majibu ya maabara peke yake, bila kumfuatilia daktari aeleze dalili. Hesabu ya taifa ikaruka hadi visa 62,551, karibu mara 1.7 ya wastani wa 2017 hadi 2019. Kupe hawakuzaana ghafla kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuhesabu. Ukichora grafu bila kujua hilo utatetea tasnifu ya kupe wa kufikirika.

Sasa habari ya nyota. Kwa tamaa yangu niliomba kifua kikuu kwa kila kaunti, kwa umri, jinsia, nchi ya kuzaliwa, kila mwezi. Jedwali lilikuja limejaa nyota tupu (alama ya * mahali pa namba), kama anga la kijijini usiku umeme ukikatika. Idara huficha namba ndogo, mara nyingi zilizo chini ya tano na wengine chini ya kumi na moja, ili mtu asije akamtambua mgonjwa pekee wa Afrika Mashariki katika kaunti ya wafugaji. Na hawafichi hiyo moja tu: huficha na ya jirani yake, usije ukatoa kwenye jumla ukaipata. Punguza mwenyewe kabla hujapunguziwa. Unganisha miaka, unganisha kaunti, badala ya umri kamili weka makundi. Kama kweli huwezi kuishi bila tarehe kamili na msimbo wa posta, omba faili la mgonjwa mmoja mmoja lisilo na majina. Hapo ndipo mkataba unapoingia, na ndipo miezi yangu ilipozama.

Mkataba wa matumizi ya takwimu ulikuja kurasa tisa. Mwisho kuna mstari wa saini. Nikasaini. Profesa wangu akasaini kwa kalamu yake ya wino, tukatuma, tukapongezana. Wiki tatu baadaye ukarudi na sentensi moja: aliyesaini hana mamlaka. Si mimi, si profesa, si hata mkuu wa idara yetu. Anayefunga mkataba ni chuo, na mwenye kalamu yupo ofisi ya utafiti ya chuo, ghorofa ambayo sikuwahi kujua ipo. Nikaupeleka huko, wanasheria wao wakakataa kifungu cha fidia, yaani nani atalipa hasara ikitokea. Wanasheria wa jimbo nao wakasema kifungu hicho hakiondoki. Chuo ni cha umma, jimbo ni la umma, pesa ni za mlipakodi yule yule, na barua zikasafiri wiki saba.

Kilichoniokoa ni chai. Mhadhiri mmoja, milango miwili kutoka ofisi ya profesa wangu, akanisikia nikilalamika akasema, "Mbona mimi nilishasaini nao mwaka juzi?" Mkataba wake ulikuwa na kifungu kile kimeshaandikwa upya, pande zote zimeridhika. Tukanakili maneno yale, ukasainiwa ndani ya siku sita. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya fomu, nenda ofisi ya utafiti uulize: kuna mkataba wowote kati ya chuo hiki na idara ya afya ya jimbo? Naomba kuuona.

Kamati ya maadili ina fumbo lake. Ya chuo ilitaka barua ya jimbo kwamba nitapewa takwimu. Jimbo lilitaka idhini ya kamati kwanza. Usibishane na yeyote. Liombe dawati barua fupi inayosema wako tayari kutoa takwimu endapo idhini itapatikana. Wanaijua, wanayo imeandikwa tayari, hawaitoi mpaka uombe. Uliza vilevile kama jimbo lina kamati yake, maana ikiwepo utapita mbili. Na angalia cheti chako cha mafunzo ya maadili hakijaisha muda. Changu kilikuwa kimeisha siku nne kabla.

Ada? Baadhi ya idara hutoza muda wa mfanyakazi anayechambua faili, kwa saa. Omba makadirio kwa maandishi.

Faili likija litapitia mfumo wao wa siri, na nywila itakuja njia nyingine, pengine kwa simu. Kiungo changu kilikuwa na uhai wa siku saba. Nilikuwa safarini, nikaomba upya. Hesabu mistari siku hiyo hiyo uilinganishe na jedwali la mwaka la jimbo, ukikuta tofauti uliza wakati bado wanakukumbuka. Kisha fungua kalenda uweke tarehe ya kulifuta, ipo kwenye mkataba, ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Watataka hati yenye saini kuthibitisha umelifuta. Ndiyo, hiyo nayo inasainiwa ghorofa ile ile.