Kunasa sauti kwenye seti: hatua ninazofuata kabla kamera haijawaka

Muda wa fundi sauti unaanza kabla ya siku ya kupiga picha. Kelele ukiigundua mapema unaweza kuizima, kuihamisha au kupanga namna ya kuishi nayo. Ukiigundua waigizaji wameshasimama kwenye alama zao, unabaki na kuomba tu, na maombi yako kwa siku nzima ni machache. Kila unaposimamisha kazi unatumia sehemu ya imani waliyonayo wenzako kwako. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinakuja kabla ya kinasa sauti kuwashwa.

Hatua ya 1: Soma skripti kwa penseli

Weka alama pale mtu anaponong'ona kisha akapaza sauti, watu wawili wanapoongea kwa pamoja, mtu anapokimbia, anapovua koti, anapoingia majini. Hesabu wanaozungumza katika kila onyesho, maana hiyo ndiyo idadi ya maikrofoni za kuvaa utakazohitaji. Kisha zungumza na mtu wa mavazi. Pamba laini ni rafiki yetu. Hariri, nailoni na ngozi hupiga kelele kila mwigizaji anapopumua. Ukimwambia wiki moja kabla, atakuwa na nafasi ya kuchagua.

Hatua ya 2: Kagua eneo kwa masikio

Nenda saa ileile ambayo mtapiga picha. Simama kimya dakika tano. Sikiliza viyoyozi, pampu za maji, barabara, shule ya jirani, na uulize mafundi wa umeme jenereta itakaa wapi. Nyuma ya jengo, mbali, na ukuta katikati: hilo lisemwe siku hii, kwa sababu kebo zikishatandazwa hakuna atakayezihamisha kwa furaha.

Kisha piga makofi mara moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaorudi kwa haraka kama unagonga bati, kuta ni tupu na zinatazamana. Leta mablanketi mazito na zulia. Usizibe chumba kizima. Tandika sakafu nje ya fremu na funika ukuta ulio nyuma ya kamera, ndipo sauti ya mwigizaji inapogonga na kurudi.

Friji ikizimwa, weka funguo za gari lako ndani yake. Hutaondoka bila kuiwasha tena, na chakula cha mwenye nyumba hakitaharibika.

Hatua ya 3: Amua kelele ya kupigana nayo

Hapa ndipo mafundi wengi wachanga hupoteza nguvu. Wanasimamisha kazi kwa kila mlio, na baada ya saa mbili hakuna anayewasikiliza. Mimi najiuliza maswali mawili. Je, kelele inalala juu ya maneno? Na je, inabadilika?

Mvumo usiobadilika, mfano kiyoyozi cha mbali, unaweza kupunguzwa baadaye kwa programu, tena unaweza kutandazwa chini ya onyesho zima. Ndege inayopita katikati ya sentensi haitandaziki. Mhariri akikata kutoka pembe ya kamera yenye ndege kwenda pembe isiyo na ndege, ngurumo inakatika kama uzi, na mtazamaji anashtuka hata kama hajui kwa nini. Kwa hiyo kelele ndogo inayokuja na kuondoka naiogopa kuliko kubwa kidogo iliyotulia. Kwa sababu hiyohiyo, kiyoyozi kilichozimwa kwa pembe ya kwanza kizimwe kwa pembe zote za onyesho hilo.

Ukiamua kusema, sema kwa mwongozaji msaidizi, kwa sauti ya chini, na mpe suluhisho pamoja na tatizo: "Ndege imefunika mstari wa mwisho. Tukirudia mstari huo pekee tunamaliza." Usiseme tu kwamba sauti ni mbaya.

Hatua ya 4: Panga masafa ya maikrofoni zisizo na waya

Subiri idara zote ziwashe vifaa vyao, hasa vile vinavyorusha picha ya kamera hewani, ndipo uchunguze masafa. Ukichunguza eneo likiwa kimya unajidanganya. Tumia bendi zinazoruhusiwa na sheria ya nchi uliyopo.

Usipange masafa kwa nafasi zinazolingana. Transmita mbili (vifaa anavyovaa mwigizaji kurusha sauti) zikiwa 600.0 na 600.4 MHz, huchanganyika na kuzaa mawimbi mengine kwenye 599.6 na 600.8. Ukiweka ya tatu kwenye 600.8 umeiweka juu ya takataka za wenzake. Tumia programu ya kupanga masafa iliyo kwenye risiva (vipokezi vya sauti hiyo) nyingi, kisha washa transmita zote kwa pamoja na umtembeze mtu njia yote atakayopita mwigizaji.

Mwili wa binadamu hunyonya mawimbi haya. Antena ya transmita isibanwe kwenye ngozi yenye jasho wala kukunjwa. Sauti ikikatika, sogeza antena za risiva karibu na mwigizaji kabla ya kufikiria kuongeza nguvu.

Hatua ya 5: Ficha maikrofoni ya nguo

Omba ruhusa kwanza. Mweleze mwigizaji unachotaka kufanya, na kama nguo inapaswa kufunguliwa, awepo mtu wa mavazi. Hii ni heshima, na pia mwigizaji aliyetulia husimama vizuri.

Mahali pa kuanzia ni katikati ya kifua, kama shubiri moja chini ya kidevu. Mwigizaji akitazama kushoto onyesho zima, peleka maikrofoni kushoto. Niliwahi kuibandika kulia kwa sababu kola ilinipendeza zaidi huko, na kila mstari ulisikika kama unatoka chumba cha pili. Tangu siku hiyo nauliza kwanza mwenzake atasimama upande gani.

Kelele ya nguo ni ya aina mbili: nguo kusugua maikrofoni, na nguo kusuguana zenyewe. Ya kwanza inatibika: bandika nguo pande zote mbili za maikrofoni kwa utepe wa hospitali uliokunjwa pembetatu, ili vyote vitembee pamoja. Fanya kitanzi kidogo kwenye waya chini yake, mvuto wa waya uishie hapo. Ya pili ni ya kitambaa, ndiyo maana tulizungumza na mtu wa mavazi.

Hatua ya 6: Bumu bado ndiyo sauti ya kwanza

Bumu, yaani maikrofoni iliyo kwenye fimbo ndefu juu ya waigizaji, ikifika karibu, naichagua kuliko maikrofoni ya nguo, kwa sababu inabeba chumba na umbali kama jicho linavyouona. Lakini ikitoka sentimita 40 kwenda 80, sauti ya mwigizaji hushuka takriban desibeli 6 huku kelele ya chumba ikibaki palepale. Mshika bumu aishushe hadi ionekane ndani ya fremu, mpigapicha aseme, kisha aipandishe kidogo tu. Ndani ya vyumba vidogo tumia haipakadioidi, maikrofoni fupi inayosikia zaidi kilicho mbele yake. Shotigani ndefu, ile ya bomba jembamba, hupaka rangi mbaya mwangwi unaoingia kwa pembeni.

Kamera mbili, moja ya mbali na moja ya karibu kwa wakati mmoja, huifukuza bumu. Omba kamera zote ziwe na fremu zinazokaribiana. Ukikataliwa, tegemea maikrofoni za nguo na omba mwigizaji arudie mistari bila kamera.

Hatua ya 7: Viwango na saa

Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, kila maikrofoni kwenye treki (mkondo wa kurekodi) yake, pamoja na treki moja ya mchanganyiko. Mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na -20 dBFS (kipimo cha kidijitali ambacho kikomo chake ni 0). Acha nafasi juu, maana mwigizaji hupaza sauti zaidi kamera ikiwaka kuliko kwenye mazoezi. Biti 32 za nukta inayoelea, mfumo wa kurekodi wenye nafasi kubwa sana juu, hazitaokoa sauti iliyokwisha kupasuka ndani ya transmita.

Linganisha taimukodi (saa ya pamoja ya kamera na kinasa sauti) asubuhi na tena baada ya chakula. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na midomo iliyochelewa fremu mbili huonekana. Kibao cha kuoanisha picha na sauti kipigwe mbele ya kamera hata hivyo.

Hatua ya 8: Kabla watu hawajatawanyika

Rekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba, watu na taa vikiwa palepale. Rekodi pia mistari iliyoharibika, mwigizaji akiwa bado kwenye mahali na hisia zake. Andika kwenye ripoti teki (rudio la kupiga picha) ipi ina ndege na ipi ni safi. Nakili kadi mara mbili, sikiliza faili kadhaa kutoka kila nakala, ndipo kadi ifutwe. Kisha kachukue funguo zako kwenye friji.