Tope kwenye banda la bata: anza na beseni la maji

Wengi wakiona uwa wa bata umegeuka bwawa wanasingizia masika. Kweli mvua ya mwezi wa 3 mpaka wa 5 inachangia, ila angalia hata kiangazi, tope linaanzia pale pale kwenye beseni la maji, mana bata hanywi kama kuku, anatumbukiza kichwa kizima, anajirushia maji mgongoni, alafu anaingiza mdomo kwenye ardhi iliyoloa anachokonoa kutafuta wadudu mpaka pawe shimo. Na kinyesi chake chenyewe ni maji tu.

Mie niko Wete, Pemba, uwani kwangu udongo wa kinamo, mvua ikipiga siku mbili maji yanasimama hayendi popote. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, na kule kwenye maweni, ardhi ya mawe matupu, wana nafuu ya tope, wao waangalie tu nyayo za bata zisichubuliwe na mawe, mana kidonda cha unyayo kikivimba kupona kwake shughuli. Mara ya kwanza nilitia mchanga mtupu, masika moja tu umedidimia wote kwenye kinamo kama sikutia kitu, na mchanga wenyewe saivi si wa kuchimba ovyo.

Kilichonisaidia ni makumbi ya nazi. Wale kinamama wanaosokota kamba za usumba wanayafukia makumbi pwani kwenye tope la bahari miezi na miezi ndo wayatoe kuyaponda, na nyuzi zinatoka nzima, sasa kitu chenye uvumilivu huo kwenye maji sie tunakichoma moto jikoni au tunakitupa!

Fanya hivi. Beseni lihamie upande wa chini wa uwa, pa kulala pabaki juu. Chimba shimo mita 1 kwa mita 1, kina chake kama mkono toka kiwiko mpaka ncha za vidole, chini tia mawe, juu yake kokoto au vipande vya matofali, alafu panga makumbi mgongo juu tumbo chini. Hapa usikosee tafadhali, ukiyalaza tumbo juu kila kumbi linakuwa kikombe na mbu watazaliana humo. Juu ya shimo laza fito zilizopigiliwa pamoja, nafasi isizidi kidole, vifaranga wasije wakanasa miguu, na beseni likae juu ya fito. Toka shimoni chimba mfereji mdogo uelekee kwenye migomba au majimbi, yatakushukuru.

Kuna watu wanapunguza maji ili tope lipungue, hilo sikubaliani nalo kabisa. Bata lazima azamishe kichwa aoshe macho na pua, akikosa macho yanagandana na pua zinaziba. Bora uchukue dumu la lita 20, ulikate matundu ubavuni, kichwa kipite mwili usipite, maji yanamwagika kidogo sana. Na kama bati la banda linachuruzika ndani ya uwa, weka mfereji wa bati hata wa kuungaunga, maji yatoke nje.

Sehemu iliyobaki subiri jua la siku mbili tatu, kwangua lile tope laini la juu tu, tandaza vipande vya makumbi, alafu maranda ya fundi seremala au makapi ya mpunga. Unga wa mbao ule laini usitumie, ukiloa unakuwa uji. Na chochote chenye ukungu kiache huko huko, unaingia mapafuni mwa bata na unaua. Kila wiki pitisha reki, palipoloa sana toa, ongeza kavu juu. Chokaa na majivu usimwage kwenye tope bata wakiwemo, vikiloa vinaunguza nyayo.

Ukiwa na nafasi gawa uwa mara mbili, upande mmoja upumzike ukoka uote, wakihamia kule huku kunarudi.

Maji meusi yanayonuka yenye funza yasikae hata siku moja. Bata akila funza wa mzoga kwenye tope la hivo anaweza kupata sumu, utamuona miguu imelegea na shingo haiinuki. Watoe wote hapo haraka, wape maji safi, zoa uozo wote, na muite daktari wa mifugo.

Matandazo ya zamani mie nayatoa kabla ya vuli, nayarundika pembeni yaive miezi kadhaa, alafu yanakwenda kwenye migomba. Kwenye mchicha usitie yakiwa mabichi.