Hulipi Ada ya Chama Marekani? Bado Kina Wajibu Kwako

Umepewa barua ya onyo ghalani Dallas, Texas, ukakumbuka ile fomu ya chama cha wafanyakazi hukuijaza. Usinyamaze kwa aibu. Kama kitengo chenu, yaani kundi la wafanyakazi mnaowakilishwa pamoja, kina chama kinachotambuliwa, kinakuwakilisha na wewe, ulipe ada usilipe.

Kwa sheria ya 1935, chama kikichaguliwa na wengi huwa msemaji pekee wa kitengo kizima, na mwajiri hawezi kupatana na mtu pembeni. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Bester William Steele, mchochea moto Mweusi wa injini za treni. Chama cha Wazungu kilikuwa kimewakatalia Weusi uanachama, kisha kikasaini makubaliano ya kuwatoa kwenye kazi hiyo. Mahakama ikasema anayesemea wote hana ruhusa ya kuwabagua. Kwa hiyo anayekuita mdandiaji wa jasho la wenzako mkumbushe: wajibu huu ulianza kwa watu waliofungiwa mlango.

Kulipa ni suala jingine. Texas na majimbo mengine 25 yamekataza kumlazimisha mtu. Minnesota mkataba unaweza kukudai ada, ingawa una haki ya kupinga sehemu inayokwenda kwenye siasa. Watumishi wa umma hawalazimishwi popote tangu 2018, ila baadhi ya majimbo, kama New York, yameruhusu vyama kuwapunguzia wasio wanachama msaada. Kwa hiyo hapo Texas usitarajie mambo ya Kenya, ambako asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala.

Na usidhani chama kinalazimika kushinda, wala kufikisha kila lalamiko kwa msuluhishi. Kinachokatazwa ni kukupuuza bila sababu, kukubagua au kukufanyia hila. Kura ya mkataba, mara nyingi, ni ya wanachama tu. Mimi kwa hilo pekee ningejiunga.

Barua ikifika, mtafute mwakilishi wa chama siku hiyohiyo, umwandikie ujumbe ubaki nao, kwani mkataba huweka siku chache za kulalamika. Akijibu "tunasaidia wanaolipa", andika tarehe na maneno yake. Kwa kampuni nyingi binafsi, shtaka hupelekwa NLRB, bodi ya serikali ya mahusiano kazini, bila malipo na bila kujali karatasi zako za uhamiaji. Una miezi 6 tu.